Kwa Nini Mwamuzi Huchuchumaa Nyuma ya Mdakaji

Enzi hizo Chura alikuwa na miguu mirefu na alitembea wima. Mabwawa yalikuwa machache, lakini ukame ulipokaza wanyama hawakupigania maji. Walicheza. Kambi ya wenye miguu mirefu ilishindana na kambi ya wenye miguu mifupi, na iliyoshinda ilikunywa kwanza, maji yakiwa bado safi. Walioshindwa walikunywa tope.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mrushaji alirusha tunda gumu la mtonga. Mpigaji alilingoja na gongo lake, na mdakaji alikaa nyuma ya mpigaji kulidaka likipita. Nyuma yao wote palikuwa na mgunga uliochanjwa alama mbili, moja juu na moja chini. Tunda lililopita usawa wa kati ya alama hizo bila kupigwa lilikuwa halali, na matatu ya halali yalimtoa mpigaji. Lililopita juu au chini ya hapo lilikuwa kosa la mrushaji.

Mwamuzi alikuwa Chura. Alisimama pembeni, juu ya kichuguu, akikodolea alama. Hakumpendelea yeyote, na alijivunia jambo hilo. Alama zenyewe zilichanjwa siku ya kwanza ya mchezo kwa kumpima Pofu, yule swala mkubwa, magoti yake na kifua chake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Tangu hapo hakuna aliyezihoji.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali. Kambi ya miguu mifupi ilikuwa imeshindwa kila mara, na watoto wa Pimbi walikuwa wameanza kuugua kwa kunywa tope. Siku hiyo mpigaji wa mwisho alikuwa mama yao. Mrushaji alikuwa Ngedere, aliyejiunga na miguu mirefu kwa kisingizio cha mkia wake mrefu.

Tunda la kwanza lilipita. Pimbi aliruka na gongo lake, akapiga hewa.

"Halali!" Chura alitangaza.

"Mama Pimbi, tukuletee ngazi?" Nyani, mdakaji, alimtania.

La pili likapita vilevile. Halali. Ngedere akaanza kucheza ngoma mahali alipo.

Pimbi aliweka gongo chini, akakiendea kichuguu. Wote walitarajia matusi.

"Shikamoo, mwamuzi," alisema. "Sikuombi maji. Nakuomba ushuke, uje utazame kutoka pale ninaposimama mimi."

Chura alisita. Akishuka, watasema mwamuzi anaitwa naye anaitika. Na je, akiona kwamba amekosea, hukumu za miaka yote ataziweka wapi? Lakini aliwaona watoto wa Pimbi kando ya bwawa, wamelala ubavu, hawachezi. Akashuka.

Alikwenda nyuma ya Nyani na kukunja miguu yake mirefu mpaka tumbo likagusa vumbi, macho yakawa sawa na macho ya Pimbi. Alitaka kuona vizuri, akayatoa macho mpaka yakavimba. Ngedere akarusha. Tunda likapita kati ya alama za mgunga, kama kawaida. Likapita pia juu kabisa ya masikio ya Pimbi.

"Si halali," Chura alisema. "Kuanzia sasa kila mpigaji atapimwa kwa mwili wake, magotini hadi kifuani."

"Pimbi ana kifua?" Pofu aling'aka.

"Anacho. Ndicho anachopumulia."

Kambi ya miguu mirefu ilianza kunguruma, mpaka Twiga, aliyekuwa mmoja wao, alipopaza sauti. "Asante, Chura. Miaka yote matunda yananipita kwenye vifundo vya miguu, nawe unasema halali. Niliona aibu kulalamika kwamba mimi ni mrefu." Pofu akarudi mahali pake.

Ngedere alirusha tena, safari hii chini, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Pimbi hakuruka. Alilingoja, akalipiga, likavuka bwawa na kupotelea vichakani, na kambi yake ikashinda. Jioni ile watoto wake walikunywa maji ambayo waliweza kujiona ndani yake.

Chura alipojaribu kusimama, miguu ilikataa kunyooka na macho yalikataa kurudi ndani. Wanyama walimpa ukingo wa maji uwe makao yake, asifukuzwe na mtu.

Na tangu siku hiyo Chura huchuchumaa, macho nje. Mwamuzi wa besiboli, mchezo ambao watu waliuiga kutoka kwa wanyama hao, naye huchuchumaa nyuma ya mdakaji, na kila mpigaji mpya anapoingia, humtazama upya magoti na kifua. Na kila mnyama anapokunywa huinamisha kichwa. Watu hudhani anayafuata maji. Anamshukuru mwenye ukingo. Mtazameni Twiga: yeye hutanua miguu, akashuka, akashuka, mpaka shukrani yake ifike chini.