Mche wa Kamelia Kaburini kwa Tabitha

Hapo zamani, si zile zamani za sungura na fisi, bali zamani za vibao vya bati na kalamu za kuchovya, palikuwa na bustani ya miti ya kigeni katika milima ya Usambara, mahali palipoitwa Kwengoda. Kila mti ulikuwa na kibao chake, na kila kibao kilikuwa na majina mawili ya Kilatini, na chini yake jina la Kiswahili kama lipo.

Katika hadithi hii wamo wanaume watatu. Wa kwanza ni Zakayo Singano, mtunza bustani. Wa pili ni Hezroni Mbilu, karani wa vibao. Wa tatu ni Salehe Kilua, mpogoaji wa shamba la chai la jirani. Yumo pia binti mmoja, Tabitha, mtoto wa pekee wa Zakayo na mkewe Debora. Huyo ndiye aliyekufa. Nawaambia mapema ili msije mkamtumainia.

Tabitha alijifunza kusoma kwa vibao. Kabla hajaijua shule alikuwa akimfuata karani Hezroni njia nzima ya bustani, akitaja herufi kwa sauti. Kibao cha mwisho kilikuwa chini kabisa, penye ukuta wa mawe. Kiliandikwa *Camellia japonica*, yaani kamelia. Aliyeupanda mti ule alikwisha kurudi kwao ng'ambo. Majani yake yalikuwa mazito, yenye kung'aa, lakini haukuwa umetoa ua hata moja.

"Karani, ua lake likoje?" Tabitha aliuliza.

"Sijaliona. Kitabu kinasema laweza kuwa jeupe au jekundu. Halina harufu. Na halipukutishi petali moja moja. Muda wake ukiisha, huanguka zima."

"Zima?"

"Zima, kama lilivyokuwa mtini."

"Basi mimi sitalichuma. Nitakaa chini nilingoje."

Mwaka ukapita, mti haukuchanua. Mwaka wa pili ukapita, haukuchanua. Tabitha akaenda shule, akarudi, akauliza, "Baba, bado?" Zakayo akajibu, "Bado, mwanangu." Mwaka wa saba ukapita, wa nane ukapita, swali likawa lile lile na jibu likawa lile lile.

Alipofika miaka kumi na mitano, Tabitha akaanza kuhema akipanda kilima. Miguu ikavimba. Daktari akasema moyo wake ni mgonjwa tangu utotoni, na hapana dawa ya kuufanya mpya.

Siku hiyo Zakayo alishuka bustanini. Alichukua shoka, akakata matawi ya mgrivea uliokuwa ukiutia mti ule wa kamelia kivuli, jua likaingia. Msimu uliofuata, mwezi wa Aprili, akaona matumba. Aliyahesabu mara tatu. Yalikuwa thelathini na saba.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika bustani ile palikuwa na desturi: mti unaochungwa hufungwa kitambaa chekundu, na mti wenye kitambaa chekundu hauguswi na mtu mwingine, hata mkubwa wa bustani. Zakayo alikuwa na kitambaa mfukoni. Hakukifunga. Alijua kitambaa chekundu huita macho, na macho huita mikono. Tena alitaka mtu wa kwanza kuambiwa awe Tabitha. Kwa hiyo hakumwambia karani, hakumwambia hata Debora. Alimwambia Tabitha tu, sikioni.

"Mangapi, baba?"

"Thelathini na saba."

Tabitha akacheka mpaka akakohoa.

Mwishoni mwa Mei akazidiwa. Zakayo na Debora wakampeleka hospitali, wakakaa naye siku kumi na mbili. Huku nyuma mkubwa wa bustani akapata habari kwamba wageni wanakuja. Akaagiza bustani isafishwe, na kwa kuwa Zakayo hayupo, akamwazima Salehe Kilua kutoka kwenye chai.

Salehe alikuwa fundi. Kisu chake kilikata kijiti cha unene wa kidole kwa pigo moja, pasipo kuchana gome. Alifika penye ukuta wa mawe, akatazama jani: linang'aa, lina meno ukingoni. Hakutafuta kitambaa mara moja. Alitafuta mara mbili, hakukiona. Karani Hezroni alikuwa karibu, ameinamia kibao na rangi yake nyeupe.

"Karani, huu nao si chai?"

"Chai ni *Camellia sinensis*. Huu ni *Camellia japonica*."

"Fupisha, sema kama unasema na mtu mwenye njaa."

"Ni ndugu. Jina la ukoo ni moja."

"Wewe, karani, hata mbuzi ungempa jina la pili."

"Analo. *Capra hircus*."

Salehe akacheka. "Haya. Basi ndugu wa chai nampogoa kama chai?"

"Mwenye kisu ni wewe," karani akasema, na hakuinua macho.

Salehe akaanza kukata. Aliyaona matumba. Nataka hilo lijulikane: aliyaona. Lakini kwenye chai ua ni hasara. Nguvu ya jani huishia humo, na mpogoaji mwema halibakizi. Aliyakata yote aliyoyaona kwa uangalifu mkubwa, akausawazisha mti juu kama meza. Alipomaliza alirudi hatua tatu, akautazama, akaridhika.

Walipomrudisha Tabitha nyumbani, jirani na bustani, Zakayo alishuka penye ukuta akakuta mti umekuwa meza. Alikaa chini kwenye majani yaliyonyauka. Karani alikuja mbio, akaona matumba yaliyokauka mikononi mwa mwenzake, akaelewa.

"Salehe aliniuliza, nami sikuinua macho. Lakini Zakayo, ungeniambia."

"Ungeinua macho."

Karani akainama, akaupekua mti. Lakini upande wa ukutani, chini, palikuwa na tumba moja ambalo kisu hakikulifikia. Lilikuwa kwenye baridi na kivuli, gumu kama kokwa.

"Nilikate nimpelekee?" Zakayo akauliza.

"Usilikate. Likikatwa bichi halifunguki, linageuka rangi ya tumbaku."

"Basi tumbebe yeye, tumlete hapa."

Debora alikuwa amesimama nyuma yao. "Kwenye ukungu huu?" akasema. "Daktari kakataza hata mlango kuachwa wazi."

Basi wakangoja. Kila asubuhi Tabitha aliuliza, "Baba, yamefunguka?" na Zakayo akajibu, "Bado, mwanangu." Hakumwambia kwamba yale thelathini na sita hayapo tena. Yale ya upande wa jua yangefunguka wiki tatu kabla ya lile moja la kivulini. Juni ikaisha. Wiki ya kwanza ya Julai ikapita. Asubuhi moja Tabitha akauliza, "Baba, unanificha nini?" Zakayo akasema, "Sikufichi kitu." Tabitha akageukia ukutani.

Ua lilifunguka siku ya Alhamisi. Lilikuwa jeupe, lenye mstari mmoja mwekundu. Tabitha alikuwa amekufa siku ya Jumatano.

Hakuna aliyelichuma. Jumapili lilianguka, zima.

Salehe alipata habari matangani. Hakuketi na wanaume. Alikwenda moja kwa moja bustanini, akapanda ukuta wa mawe, akakata kutoka matawi yaliyosalia vijiti arobaini, kila kimoja na jani lake moja, kama wanavyofanya kwenye kitalu cha chai. Akavipanda katika udongo mwekundu, akavifunika kwa majani ya kangaga, akavinyunyizia maji asubuhi na jioni. Vijiti thelathini na tisa vikaoza. Kimoja kikatoa mzizi.

Mwaka ukazunguka, siku ya kuweka msalaba kaburini kwa Tabitha ikafika. Katika kijiji kile mti wa kaburini hupandwa na mkono mmoja tu, na mkono huo ndio utakaoutunza maisha yote; mkono wa pili haugusi, hata kuondoa jani kavu. Shimo lilikwisha kuchimbwa. Debora alikuwa ameupokea mche kutoka kwa Salehe, ameupakata kama mtoto. Watu wakalizunguka shimo.

Salehe akatangulia. "Mama Tabitha, niachie niupande mimi. Kisu ni changu. Niliyaona matumba, nikayakata, na nikafurahi. Kila nikipogoa sasa naona mkono wangu. Mche huu nimeulea mimi, na bila mimi usingekuwapo."

"Bila wewe usingehitajika," mtu mmoja akasema nyuma. Salehe akainamisha kichwa.

Karani Hezroni akavua kofia. "Mpogoaji aliuliza. Anayeuliza ametimiza wajibu wake. Aliyeulizwa ni mimi. Nilijua majina yote mawili, nilijua chai hupogolewa na huu huachwa uchanue, nikajibu majina nikaacha maana. Tabitha nilimfundisha kusoma mimi. Ua lile nilimtia hamu mimi. Niupande mimi."

Salehe akasema, "Karani, usininyang'anye hata hili."

Zakayo akawa wa mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Kingefungwa, kisu kisingefika na swali lisingeulizwa. Nilikifanya siri kitu ambacho kingelindwa na wengi. Kisha nikamdanganya, akafa amenigeuzia mgongo. Mimi ni baba yake. Nikinyimwa hili, kwake nina nini tena?"

Debora akawatazama mmoja mmoja. "Nyinyi watatu mnagombea hatia kama watu wanaogombea urithi," akasema. "Nami je? Mimi ndiye niliyesema ukungu. Nilimfungia mlango asipate baridi, akafa ndani ya joto, na ua lilikuwa hatua mia mbili. Hakuna hata mmoja wenu aliyenitaja."

Wanaume watatu wakanyoosha mikono juu ya shimo.

Debora akautoa mche kwenye kopo. Udongo ukamwagika, mizizi ikawa wazi, myembamba kama nywele, na upepo wa kilimani ukaanza kuikausha. Mizizi ya kamelia haivumilii upepo. Mikono minne ilikuwa imenyooshwa juu ya shimo, na mti ulitaka mmoja.

Wasikilizaji wangu, mnao muda mfupi kama aliokuwa nao mche ule. Aliyekata, aliyejibu, aliyeficha, aliyefunga mlango: je, nani alistahili kuupanda?