Aliyeikagua Droni ya Jirani

Palikuwa na mpiga picha mmoja, Ambakisye, mwenye droni kubwa, nayo ilikuwa ya pekee katika kata nzima ya wakulima wa chai. Kila arusi na kila kipaimara watu walitazama juu, wakaona mapanga manne yakivuma, wakasema fundi amefika. Alizoea kuitwa fundi. Kuzoea huko ndiko kulikomponza.

Jirani yake Tupokigwe, mjane aliyekuwa akipiga picha kwa simu, alinunua droni ndogo, ya bei ya chini, nyepesi hata ingetulia juu ya kiganja. Siku alipoirusha mara ya kwanza, Ambakisye alisimama nyuma ya ua wake akaitazama mpaka iliposhuka, na hakwenda kumpongeza. Donge lilimkaa rohoni. Droni yake haikuwa imepungukiwa kitu, wala hakuna mteja aliyemkimbia, lakini tangu siku ile alijiona ameibiwa.

Ikawa ushirika wa chai unatafuta mtu wa kupiga filamu ya mashamba yote, kazi ya mwaka mzima, ili wanunuzi wa mbali waone chai inavyolimwa. Tupokigwe akaiomba. Viongozi hawakujua kama chombo cha bei ndogo kinafaa kwa kazi kubwa namna ile, wakamwita Ambakisye, kwa kuwa ndiye mjuzi, aikague droni hiyo. Wote wawili warushe asubuhi moja, juu ya shamba moja, ya Ambakisye iwe kipimo. Kisha picha zioneshwe ukumbini naye aseme neno lake. Ikionekana droni ndogo haifai, kazi itakuwa yake yeye. Alikubali upesi, na furaha aliyokuwa nayo haikuwa njema.

Asubuhi ikafika. Tupokigwe alijua chombo chake huyumbishwa na upepo, akakirusha mapema, chini chini, akifuata mistari ya michai, na macho yake hayakutoka kwenye kioo cha rimoti. Ambakisye alirusha yake juu sana. Mikono ilikuwa kwenye rimoti yake, lakini macho yalikuwa kwenye droni ya mwenzake. Alihesabu kila ilipoyumba. Ilipotulia, alikasirika. Robo saa ikapita, naye hajakitazama kioo chake hata mara tatu.

Jioni wanachama walijaa ukumbini. Pale ushirikani mzigo mdogo ndio hutangulia kwenye mizani, ili wenye vikapu vidogo wawahi nyumbani. Basi Ambakisye hakuuliza, akaamini kwamba picha ya kwanza ni ya droni ndogo. Katika picha hiyo milima ilikuwa imelala upande, jua limeunguza mawingu, na chai ilionekana kama blanketi la kijivu. Hakungoja iishe. Alisimama akasema, "Hii ni kazi ya mtu asiyetazama anachofanya. Hata kwa arusi ya bure nisingeipokea." Watu wakamgeukia Tupokigwe kwa huruma, naye akamgeukia katibu.

Katibu wa ushirika, mama mtulivu aliyekuwa kwenye projekta, aliitazama kadi ya picha iliyomo, akaitazama tena, akasema polepole, "Ndugu Ambakisye, hii ni ya kwako. Ulinikabidhi wa kwanza, nikaanza nayo."

Kisha akaonesha ya pili. Rangi zake hazikukolea sana, na mahali pawili picha ilitikisika, lakini mwanamke mmoja alilitambua shamba lake, akakitambua hata kikapu chake, akacheka kwa sauti. Kazi ikapewa Tupokigwe. Ambakisye alirudi nyumbani na droni kubwa, nzima, isiyo na mkwaruzo. Hakuna aliyemwambia neno baya. Maneno yote mabaya yalikuwa yamekwisha kusemwa, na aliyeyasema ni yeye mwenyewe.

Ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja amepewa chombo chake cha kurusha. Muda wote mliokuwa mkikitazama cha jirani, chenu kilikuwa kikipiga picha gani?