Walinzi Waliokatazwa Kuondoka

Kaeni hukohuko mlangoni na makamasi yenu! Mghoi, umeniuliza kwa nini mafua yaliyokulaza wewe siku moja tu yalimuua babu yako. Basi sikiliza, na usinisogelee.

Kulikuwa na wakati mafua hayakuchagua mzee wala mtoto. Ndani ya kila mwili waliishi walinzi wadogo wasioonekana kwa macho, kazi yao kujenga na kulinda. Mlinzi aliyechoka aliaga, akajiondokea kimya, na kijana akashika nafasi yake. Ajuza alipiga chafya, akajifunika shuka, kesho yake akaenda shambani.

Sasa, huku kwetu milimani mzee haondolewi penye moto. Hata asipofanya kazi, kigoda chake ni chake na chakula huanzia kwake. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini Wakesho, bibi wa bibi zetu, aliizidisha. Walinzi wake waliochoka walipokuja kumuaga, aliona haya.

"Mmenijengea mifupa hii, kisha niwaache mwende mikono mitupu? Kaeni, mle."

Wakakaa. Wanawake wenzake wakamsifu, nao wakawakalisha walinzi wao, kijiji kizima. Loo, utu gani ule! Wale walinzi wakongwe hawakufanya kazi tena, wala hawakulala. Walikula, na jani likitikisika walipiga yowe, "Adui! Adui!"

Siku moja mjukuu wa Wakesho alimkumbatia, akamwachia mafua. Mtoto alilala, akaamka anacheza. Ndani ya bibi, wakongwe walipiga yowe kila kona, na vijana wachache waliobaki, wasijue adui yuko wapi, wakawasha moto kila mahali. Mafua yenyewe yalikuwa madogo. Kilichounguza mapafu yake ni moto wa nyumbani mwake.

"Nendeni sasa, nawasihi, niachieni pumzi," akawaomba.

"Ulitukalisha mwenyewe, mama. Njia ya kutokea tumeisahau."

Bibi alikufa huku mjukuu akimvuta mkono waende kucheza.

Na tangu siku hiyo, kila anayezeeka hukaa na wakongwe hao asioweza kuwafukuza. Waganga wameitwa, mitishamba imechemshwa, hawatoki. Niliwasikia kifuani mwa babu yenu nikiwa nimemshika, na sikuweza kitu. Wangu nawasikia kila asubuhi katika magoti haya.

Usilie, Mghoi. Mafua yako yataisha kesho. Uji wako huo hapo kizingitini. Hapana, mama, ukimaliza usiniletee kikombe. Kiache hapohapo.