Mgeni Aliyezikwa Mara Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Sema wewe mwenye maneno!
Pakawa mji, na mji una bustani, na bustani ina mwenyewe. Mwenye kusinzia asogee nyuma. Mwenye kuujua mwisho afunge mdomo, wenzake hawaujui.

Hapo kale, zama ndege walipokuwa wakihudhuria baraza na kulalamikia kahawa kama watu, alikuwako mwanamke akiitwa Mashavu. Mama yake alikuwa amemwachia shamba dogo la viungo: mkungumanga mmoja, midalasini miwili, mlangilangi ulionukia mpaka kwa jirani, na mfenesi mzee mwenye gome la makovu. Hakuwa na kingine. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mume, na hilo la pili hakuwa na haraka nalo.

Mji wao ulikuwa na desturi. Mmea wa kigeni ukifika, hupokewa kama mgeni wa watu: hutandikiwa mkeka, huamkiwa, hupewa maji. Siku tatu ni mgeni. Siku ya nne sharti uwe na jina, na jina ndilo huamua utunzwe vipi. Ukiitwa kiazi, unafukiwa. Ukiitwa mtambuu, unapewa nguzo. Usipokuwa na jina, huna pa kukaa. Na neno "sijui" halikuwa limesikika barazani tangu enzi za babu wa Jumbe. Watu walilisema chumbani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja upele wake.

Basi siku moja Korongo akatua kwa Jumbe Mwinyimvua na kikapu mdomoni.

"Zawadi ya mfalme wa ng'ambo," akasema. "Nitarudi siku ya nne kumwangalia." Akaruka, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Ndani ya kikapu mlikuwa na kitu. Chini kina vinundu vilivyovimba kama vitunguu. Juu kina majani matatu mazito. Pembeni kina mizizi myeupe kama tambi, imekikumbatia kipande cha gome.

Jumbe akamwita Mashavu. "Wewe ndiye mwenye mkono wa kuotesha. Mgeni huyu nakukabidhi. Siku ya nne nitakuuliza habari zake mbele ya watu. Akiwa hai na ukanijibu, shamba la mama yako ni lako na la wajukuu zako. Akifa, au ukishindwa, shamba nitampa mjuzi atakayemjua."

"Na asipokuwepo anayemjua, Jumbe?"

"Barazani kwangu?" Jumbe akacheka. "Wajuzi ninao watatu, na hawajanyamaza hata siku moja."

Mashavu akataka kuuliza kama kuna siku walipatia. Badala yake akakibeba kikapu.

Siku ya kwanza akaja Kasuku.

"Hodi!"
"Karibu."
"Huyu namjua!"
"Unamjua?"
"Namjua kama ninavyojijua!" Kasuku akakizunguka kikapu, kifua mbele. "Hiki ni kitunguu cha kifalme. Tazama vinundu! Kifukie kimo cha goti, ukimwagie maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Na hilo ganda tupa, ni takataka za safari."

Mashavu akalibandua gome. Mizizi ikalishikilia, ikabidi avute. Kwa nini kitunguu kimeng'ang'ania gome? Hakuelewa. Akalitia gome kwenye upindo wa kanga, akachimba shimo, akamfukia mgeni. Alipokuwa akisawazisha udongo akasikia sauti nyembamba:

*Niulize, niulize,*
*mgeni nina kinywa;*
*usiponiuliza kwetu,*
*utanizika ni hai.*

"Bwana Kasuku, umesikia?"
"Nyuki," akasema Kasuku, ambaye alikuwa bado anazungumza.

Asubuhi jani moja likaanguka.

Siku ya pili akaja Kinyonga, na zamani zile Kinyonga alikuwa akikimbia kama panya.

"Hodi!"
"Karibu."
"Huyu namjua!"
"Unamjua?"
"Namjua kama ninavyojijua!" Akamtazama mgeni, akawa kijani. Akautazama udongo, akawa kahawia. "Nani kakwambia kitunguu? Majani mazito ni majani ya jangwani. Mfukue, umtie kwenye mchanga mkavu, juani. Maji hata tone!"

"Jana nimeambiwa maji mara tatu."
"Na jani limeanguka. Sasa unabishana na nani, binti?"

Mashavu akamfukua, akamtia kwenye mchanga, juani. Wimbo ukatoka mchangani, mkavu kama kikohozi:

*Niulize, niulize,*
*mgeni nina kinywa...*

"Umesikia, mzee?"
"Upepo."

Asubuhi jani la pili likaanguka. Mashavu akaliokota, akalitazama upande huu na upande huu, halikumwambia kitu.

Siku ya tatu, jua halijapanda, akaja Tausi. Hakupiga hodi. Tausi hapigi hodi.

"Huyu namjua!"
"Unamjua," akasema Mashavu, kachoka.
"Namjua kama ninavyojijua! Mizizi myeupe namna hii ni mizizi ya yungiyungi. Mtumbukize kwenye mtungi mpaka shingoni. Wenzangu hawajasafiri."
"Nawe umesafiri, bibi?"
"Mkia wangu umesifiwa mpaka ng'ambo. Ni mamoja."

Mgeni akatumbukizwa mtungini. Wimbo ukatoka ndani ya maji, mapovu matupu. Ilipofika alasiri jani la mwisho lilikuwa limeanza kuwa manjano.

Mashavu akaketi chini, miguu kainyoosha. Maji mara tatu. Maji hata tone. Maji mpaka shingoni. Udongo, mchanga, mtungi. Kichwa kikamzunguka kama pia. Akautazama mkungumanga wa mama yake, akaona miwili. Akafuta machozi, ukarudi kuwa mmoja. Kesho ungekuwa wa Tausi, naye Tausi angeuita muhogo.

Akamtoa mgeni mtungini, akamlaza mapajani.

"Haya," akasema. "Siku tatu tumekupa shikamoo, hatukukuuliza habari ya kwenu. Kwenu mnakaaje? Maana mimi sijui."

Wimbo ukakatika kimya.

Akaufungua upindo wake apate popoo ya kutafuna. Ikatoka popoo, ikatoka sindano, likatoka lile gome, likaangukia pajani. Mzizi mmoja, uliokuwa umelegea kama uzi, ukajikunja taratibu ukalishika, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole.

"Gome? Unakula gome?"
Mzizi ukashika tu.
"Unataka mti? Na udongo je? Mmea gani hauna haja na udongo? Wewe ni mmea au ni nyoya?"
Mzizi ukakaza.
"Sielewi hata chembe," akasema Mashavu. "Lakini twende."

Akambeba mpaka kwenye mfenesi, akamweka pale matawi yanapogawanyika, kivulini, mizizi nje, akamfunga kwa ugwe wa mgomba. Hakumfukia kwa kitu. Majirani waliokuwa wakipita wakashika vichwa.

"Mashavu kamtundika mgeni wa Jumbe!"
"Maskini, shamba limemtia wazimu."
"Wazimu mnauona leo?" akajibu. "Siku tatu nimemzika mzima, hakuna aliyesema neno!"

Siku ya nne watu wakajaa. Korongo akarudi. Jumbe akaketi, wajuzi watatu kulia kwake.

"Mashavu! Mgeni huyu anaitwa nani?"
"Sijui, Jumbe."

Mtu mmoja akaangusha kikombe.

"Rudia."
"Sijui jina lake. Sijui kama ni ua, ni tunda au ni dawa. Najua kwamba hataki udongo, jua la mchana linamuunguza, mtungi unamwozesha. Anataka umande, kivuli na gome la kushika. Na hayo hakunifunza mjuzi. Nilimwuliza mwenyewe."

Kasuku akacheka, Kinyonga akacheka, Tausi akapiga ukelele. Wakaondoka wote kwenda kutazama maiti.

Wakamkuta mgeni na ncha ya kijani kwenye kila mzizi, na kikonyo kirefu, na juu ya kikonyo ua la zambarau lenye madoadoa. (Kwa siku moja? Naam, kwa siku moja. Anayetaka kalenda akaitafute kwingine.) Wazee wawili walidhani ni kipepeo, wakanyatia.

"Ndicho nilichosema!" akasema Kasuku.
"Nilichosema mimi!" akasema Kinyonga.
"Wamenisikia mimi," akasema Tausi.

Jumbe akamgeukia Korongo. "Wewe uliyemleta, tuambie basi. Kwenu anaitwaje?"

Korongo akasimama mguu mmoja, akabadilisha, akasimama mwingine. "Mimi mbebaji tu, Jumbe. Kwetu watu husema 'yule wa kwenye mti.' Sikuambiwa jina. Na hapa hakuna aliyeniuliza kitu."

Jumbe akatazama wajuzi wake, akatazama ua, akatazama ndevu zake mwenyewe. Ilionekana naye hajui pa kuanzia. Mwishowe akasema:

"Shamba ni la Mashavu. Nanyi watatu, mlimpa mgeni wangu malazi. Leo mtalala humo humo. Kasuku shimoni, Kinyonga mchangani, Tausi mtungini."

Wakalala humo. Kasuku alipotoka hakuthubutu tena kusema neno lake, akawa anasema ya wenzake. Tausi hulia hata leo akiona wingu. Na Kinyonga, mwangalieni: ananyanyua mguu, anasita, jicho moja huku, jicho moja kule. Anauliza njia kwanza.

Mafunzo yake, nyinyi mliofika mwisho macho wazi: mgeni mwulize kwao kabla hujamtandikia, na "sijui" haijaua mmea bado. "Najua" imeua bustani nzima.

Nami nilikuwepo. Nilimwomba Mashavu chipukizi. Akaniuliza, "Utamweka wapi?" Nikajibu mbio mbio, "Kwenye chungu!" Akaninyima, na chai hakunipa.

Ngano nimeitundika mtini. Mwenye mkono mrefu aiangue.