Mgeni na Bakuli Lake

Hapo zamani, fisi walipowajua mbuzi wa Ugogo kuliko wenye mbuzi, mama mjane aitwaye Mbeleje alipewa na mjomba wake mtoto wa mbwa, jike, wa ukoo wa mbwa wakubwa. Unyayo wake ulijaza kiganja cha mtu. Ila alikonda, mbavu nje.

Mara Mbeleje akaitwa mbali kumlea binti yake aliyejifungua. Akawaita jirani zake watatu.

"Nawaachia mgeni," akasema. "Mkuzeni. Atakayestahili, mtoto wa kwanza wa mbwa huyu ni wake, alinde zizi lake."

Basi mbwa akabaki na jina hilo hilo, Mgeni. Balaa likaingia hapo. Nani Ugogo amnyime mgeni chakula?

Chilongani akamchukua kwanza. Mgeni akala, akalamba bakuli, akatazama. "Hajashiba," Chilongani akasema, akaongeza. Akala, akalamba, akatazama. "Hajashiba." Akaongeza. Alichinja mbuzi baada ya mbuzi kwa ajili ya supu. Akasaga mifupa juu ya jiwe, akaunyunyiza unga wake kwenye uji. "Mifupa hujenga mifupa!" Mgeni akanenepa, akang'aa, watu wakasifu.

Sechelela, jirani wa pili, alipita akaona. Babu yake alifuga mbwa wa namna hiyo, kwa hiyo alijua. Lakini utamwambiaje mwenye nyumba ampunguzie mgeni? Akanyamaza. Akapita tena, akanyamaza tena, mpaka asubuhi moja Mgeni akashindwa kuinuka. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda.

"Chilongani!" akapaza sauti. "Mbwa mkubwa hukuzwa polepole. Mwili ukiitangulia mifupa, miguu hupinda. Huo unga uache kabisa, na chakula umpunguzie."

"Mgeni nimpunguzie? Siwezi, dada. Akinitazama hivi, moyo unayeyuka." Na kweli alikuwa analia.

"Basi apelekwe kwa jirani yetu Ndahani."

Watu wakacheka. Ndahani! Mkono wa birika yule, nzi akitua kwenye mchuzi wake haondoki na kitu!

Ndahani akampokea. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. Akampa ugali wa uwele kidogo na dagaa kidogo, akaondoa bakuli. Mgeni akatazama. Ndahani akatazama kwingine. "Ameshiba." Msidhani alijali miguu. Alijali dagaa zake. Lakini miezi ikapita, miguu ikanyooka, Mgeni akawa mrefu, mkavu, imara. Jioni moja alimkimbiza fisi hadi korongoni, na kijiji kizima kikashangilia.

Mbeleje akarudi. Mgeni akazaa, akapona mtoto mmoja tu. Na fisi bado walikuwepo, wakila katika mazizi yote matatu. Jirani wakaja.

Chilongani akasema, "Mngemzika huyu, kama si bakuli langu. Alikuja mbavu nje. Mimi nimebakiwa na mbuzi mmoja, wengine aliwala yeye. Huyo mmoja akiliwa na fisi, nimekwisha."

Sechelela akasema, "Wewe ungemwua kwa mapenzi. Neno langu ndilo lililomwokoa."

"Neno lako lilikuwa wapi ulipokuwa unapita na kunyamaza?"

Sechelela akainamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Lilichelewa, lakini lilifika. Wengine hawakuwa nalo kabisa."

Ndahani akasema, "Alisimama akiwa kwangu. Bakuli langu ndilo lililokuwa sawa."

"Ulikuwa unabana dagaa!" wakamkemea.

"Nilibana, ndiyo. Mbeleje alitaka miguu iliyonyooka, au moyo ulionyooka?"

Mbeleje alimpakata mtoto wa mbwa asijue amkabidhi nani. Jua lilikuwa linazama, na kule korongoni fisi wa kwanza akalia. Zizi moja tu ndilo lingepata mlinzi.

Msinitazame mimi, kazi yangu ni kusimulia. Ninyi mnaopakua chakula kila siku, mkijua nani aongezwe na nani apunguziwe: je, nani alistahili?