Chungu Juu ya Mkeka

Hata jicho lina tumbo. Mmesikia shangazi yenu akiyasema hayo mezani, mkacheka. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Sechelela alikuwa mkamwana katika nyumba ya mama mkwe wake, Nyemo, akinyonyesha mtoto wake wa kwanza. Desturi ya pale, mkamwana ndiye apakuaye, naye hula mwisho. Kila alipofika chunguni, mlenda na maboga vimekwisha. Alikula ugali na chumvi.

Kiangazi kilipokolea, ikawa kila magharibi anapapasa kuta na kujikwaa. Nyemo akamtania kwa uchungu: "Wewe jua likizama, nawe unazama. Uvivu gani huu?"

Jioni moja Nyemo aliweka chungu cha uji wa moto juu ya mkeka. Sechelela akaja na mtoto amelala, akainama amlaze palepale. Nyemo alimdaka mjukuu wake, mkono wake mwenyewe ukaungua chunguni.

"Hukukiona?"

"Mama, jua likizama sioni kitu. Niliogopa mtanirudisha kwetu, mbaki na mtoto."

Nyemo alikaa chini, mtoto kifuani. Asubuhi alimpeleka mkwewe zahanati. Muuguzi akauliza, "Huyu anakula nini?"

"Anakula tunachokula," alijibu Nyemo. Kisha sauti ikapungua. "Hapana. Anakula kinachobaki."

Walipewa dawa, wakaambiwa macho yale yamekosa mboga za majani, maboga na mayai. Jioni ile Nyemo alishika upawa mwenyewe, akampakulia Sechelela kwanza.

"Tangu lini mkamwana akatangulia?" aliguna baba mkwe.

"Hata jicho lina tumbo, mzee wangu. La huyu limelala njaa miezi mingi, nasi tunashiba mbele yake."

Mzee akasogeza bakuli lake kando, akangoja zamu.

Wiki zikapita. Magharibi moja, kabla taa haijawashwa, Sechelela alisema taratibu, "Mama, una mlenda kidevuni."

Nyemo hakujifuta. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho, uzee ulikwisha kumtia ukungu machoni ambao chakula peke yake hakiuondoi, akisubiri kupasuliwa. Alinyoosha mkono gizani, Sechelela akaushika.

"Basi niongoze mlangoni," alisema, "wewe uliyeshiba."

Ndiyo maana hapa kwetu mpakuaji hupakuliwa kwanza. Hata jicho lina tumbo.