Nyumba ya Mjane Ilipofungwa

Hapo zamani, na si zamani sana, palikuwa na fundi cherehani akiitwa Shekue. Aliugua, akalala kitandani, na kodi ya serikali ya nyumba yake haikulipwa. Kisha Mungu akamchukua.

Kaburini, ndugu yake Sechonge akasimama kama ilivyo desturi yetu. Akasema, "Anayemdai marehemu asimsumbue mjane. Anione mimi." Watu wakaitikia, "Mungu akulipe."

Mjane, Bi Mwantumu, akaingia eda. Hatoki nje mpaka muda wake utimie.

Ankara ya kodi ikaja. Aliipokea mpangaji wa chumba cha mbele, Mwalimu Hoza. Akaisoma yote: mjane anaweza kuomba msamaha wa kodi, lakini aombe kabla mwezi haujaisha, la sivyo nyumba itafungwa. Akaikunja, akampa Sechonge. Kwa mjane hakusema neno.

Sechonge akaona jina la ndugu yake. "Udongo wa kaburi haujakauka, wanadai! Hitima kwanza." Akaitia mfukoni. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, ankara ikabaki mfukoni.

Habari za ankara zikamfikia Bi Mwantumu mwezi ukielekea ukingoni. Akamtuma jirani yake kwa mtendaji wa mtaa amwombee msamaha.

"Aje mwenyewe aweke dole gumba kwenye fomu," mtendaji akasema.

"Yuko eda, baba. Njoo wewe, ni kuvuka barabara tu."

"Nyumba haina eda, mama."

Kanuni ilimruhusu kumfuata mjane nyumbani. Hakwenda. Mwezi ulipokwisha alikuja na kufuli. Bi Mwantumu akatolewa nje na nguo zake za eda, juani, mbele ya wanaume wasiomhusu.

Akamlilia Sechonge aliyekuwa amesimama hapo, "Shemeji, si ulisema kaburini?"

"Nilisema madeni ya watu, shemeji. Hii ni kodi ya nyumba. Anayelala humo ni mimi? Na mumeo alikuwa akilipa kila mwaka, hukujua? Ulimi nao ulikuwa eda?"

Kisha Sechonge akamgeukia mpangaji. "Na wewe msomi, ulisoma ukanyamaza!"

"Mimi mpangaji tu," Mwalimu Hoza akajibu. "Karatasi nimempa mwanamume wa nyumba. Nigonge mlango wa mwanamke aliye eda, kesho mnitangaze mtaa mzima?"

Mtendaji alikuwa akijaribu kufuli kama limeshika. "Mimi nimetumwa," akasema. "Gombaneni wenyewe."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Wote watatu wakaenda kuswali, safu moja, bega kwa bega. Mwanamke wakamwacha barabarani.

Enyi mnaonisikiliza, msiniambie ni kudra. Mungu hakulishika kufuli lile. Eda ya mja wake imevunjwa, na lazima mtu aijibu siku ya hesabu. Je, ni nani: aliyeahidi kaburini, aliyesoma akanyamaza, au aliyekuwa na ruhusa ya kwenda asiende?